Kikapu Kilichorudi Kitupu Isongole

Mkipita kibarazani kwangu hapa Tunduma mkaniona nimefumba macho, msidhani nimelala. Huwa niko safarini. Nimeshapita Mpemba, nimekata kona ya kwenda Ileje, malori ya Zambia nimeyaacha nyuma yakipigiana honi, na ukungu wa milimani umeanza kuingia dirishani pamoja na harufu ya majani mabichi. Ndiyo maana juzi mlipokuja na ile barua yenu mlibisha hodi mara tatu. Nilikuwa mbali, na kurudi kunachukua muda.

Barua nimeisoma yote. Mmeiandika vizuri, mhuri mmeweka, nakala mmepeleka kila ofisi yenye mlango. Mnaiomba kampuni ya soda itoe mabati ya darasa, na mpaka leo hamjajibiwa hata kwa kukataliwa. Mkaniuliza mimi niliyekula mshahara wa kampuni ya sabuni karibu miaka ishirini: "Mzee Shabani, hawa wenye makampuni wanaguswa wapi ili watoe?" Siku ile niliwapa chai na maneno ya kuzunguka, kwa sababu jibu lenyewe linaanza na kosa langu, na mtu mzima hakimbilii kulitaja kosa lake mbele ya watoto. Leo nimejikaza.

Kwanza mjue sabuni ilikuwa nini. Nyinyi mmezaliwa mmeikuta imejaa madukani, mnaichagua kwa rangi na harufu. Mimi nilifika hapa kutoka Ujiji katikati ya miaka ya themanini, bado tunafulia majani ya mpapai. Msicheke, yanatoa povu. Halafu ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa, na vitu ambavyo tulikuwa tukivisikia kwa majina tu vikaanza kupita mpakani mchana kweupe. Siku ya kwanza nilipoingia bohari ya kampuni yetu nikakuta katoni za sabuni ya miche zimepangwa mpaka darini. Nilisimama katikati nikavuta pumzi, nikavuta tena, mpaka mtunza bohari akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa na furaha tu, na sikujua niiweke wapi.

Wakaniajiri kuwa muuzaji wa garini. Nikapewa gari la mzigo, dereva, na fomu. Dereva alikuwa Mzee Simbeye, Mnamwanga wa hapa hapa mpakani, mtu aliyeweza kuwasalimia Wazambia "mulishani" kwa namna ambayo hata askari wa geti alitabasamu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, maana ofisi ilinifundisha bei peke yake. Alinionyesha kwamba mama anayejua sabuni haangalii nembo, anaubonyeza mche kwa kidole gumba. Kidole kikizama anaurudisha, kwa sababu anajua sabuni mbichi itamyeyukia kwenye beseni kabla hajafika kwenye shuka la pili. Kwa hiyo katoni zilizokaa sana bohari, ambazo wenzetu walizikwepa wakidhani zimechakaa, sisi tuliziomba.

"Na usimuulize mwenye duka sabuni inakwendaje," aliniambia. "Huyo atakupa jibu la kukufurahisha. Muulize anayefua."

Niliwauliza kweli, nao walinijibu. Ila mimi nina kasoro moja niliyozaliwa nayo: naota mchana. Kahawa ikichanua Iyula, zile asubuhi chache ambazo mashamba yote yanageuka meupe na hewa inakuwa na utamu wa kulevya, nilikuwa namsimamisha Mzee Simbeye, nashuka, nasimama katikati ya mibuni nikinusa. Siku moja nilinusa mpaka tukafika Vwawa watu wa soko wanakunja maturubai. Mzee alizima gari kwanza.

"Shabani, ukitaka kunusa, nusa mzigo wako. Huo ndio unaokulisha."

Nilicheka, na wiki iliyofuata nikamsimamisha palepale.

Sasa fomu. Kila Jumamosi mchana nilitakiwa kujaza karatasi ya wiki nzima na kuituma ofisi ya kanda, Mbeya. Ilikuwa na safu ya majina ya maduka, safu ya mzigo ulioshuka, safu ya mzigo uliorudi, na mwisho kabisa, pembeni, safu nyembamba iliyoandikwa "Maoni ya wateja". Hapo nilikuwa naandika neno moja: Hakuna.

Maoni yalikuwepo, tena mengi. Vwawa walilalamika kwamba sabuni inawababua mikono. Iyula kuna mzee aliniuliza kwa upole mbona kampuni yetu inaonekana dukani kila wiki lakini kwenye ujenzi wa shule haijawahi kuleta hata msumari. Nilitikisa kichwa, nikasema nitafikisha. Lakini kufikisha kulitaka kukaa chini na kufikiri, na Jumamosi mchana mimi nilikuwa na kalamu mkononi tu, akili imeshatangulia kwenye ukungu. Hakuna. Neno fupi, halina ubishi, halirudishwi na bosi. Nimeliandika miaka, wanangu, na leo likinijia naona aibu.

Kwa hiyo la kwanza mnalotakiwa kulijua ni hilo. Maneno ya wanunuzi hayafi kwa sababu matajiri wana roho ngumu. Mengi yanafia kwenye magoti ya muuzaji mmoja aliyechoka, na bosi wake hajui kama yaliwahi kusemwa.

Isongole nilikuwa na mteja mmoja niliyempenda kuliko wote, Mama Tusekile. Duka lake lilikuwa dogo, lina kaunta ya mbao iliyolainika kwa viwiko vya watu, na juu ya kaunta waya mwembamba uliofungwa vijiti viwili. Kwa waya huo alikuwa anakata mche wa sabuni vipande sawasawa bila kumwaga hata chembe, akizungumza na mtu mwingine kabisa. Nilikuwa nakaa kwenye gunia la mahindi nikimwangalia, ukungu umesimama mlangoni kama mgeni anayeona haya kuingia, na ningeweza kukaa hapo mpaka jioni kama Mzee Simbeye asingepiga honi.

Alikuwa na binti mmoja, huyo Tusekile mwenyewe, ameolewa juu kabisa milimani. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayowasimulia, Tusekile alishikwa na uchungu nyumbani kwa mumewe. Kutoka kule mpaka zahanati ni kushuka, kupanda, na kushuka tena, na ilikuwa masika. Alijifungulia njiani chini ya mvua. Mtoto hakupona. Mama Tusekile aliniambia habari hiyo mara moja tu, akikata sabuni, na siku ile vipande havikutoka sawa.

Mavuno yaliyofuata, akina mama wa Isongole walinipa kikapu. Kikapu kizuri, cha kusukwa kwa mikono yenye subira, kimejaa maharage mapya. Juu ya maharage waliweka nembo za kampuni yetu walizozikata kwenye katoni za mwaka mzima, zimefungwa fungu kwa kamba ya mgomba.

"Mpelekee bwana mkubwa wa kampuni," alisema Mama Tusekile. "Mwambie ni sisi wa Isongole, tunamsalimu."

Nikakipeleka Mbeya. Meneja wetu wa kanda, Bwana Ngowi, alifurahi, akaita ofisi nzima, maharage yakagawanywa kwa vikombe. Na mimi nilipata fungu langu, na nakiri yalikuwa matamu, yale ya kuiva bila kugombana na moto. Lile fungu la nembo hakuna aliyejua ni la nini, likaishia kwenye ndoo ya taka. Kikapu nikapewa nikirudishe. Nikakiosha kwa sabuni yetu wenyewe, nikakianika kikakauka vizuri, na safari iliyofuata nikamkabidhi Mama Tusekile kwa mikono miwili nikiwa najiona mstaarabu.

Alikipokea. Akatazama ndani. Akasema, "Ndaga, baba," yaani ahsante, akakitundika kwenye msumari juu ya katoni zetu.

Safari ya baadaye nilikuta mzigo wangu haujaguswa. Nikadhani ni mvua. Safari nyingine, vilevile: katoni zimekaa, kikapu kinaning'inia juu yake, na kwenye kaunta kuna sabuni ya kijani kutoka ng'ambo ya mto, Malawi. Hakuna aliyenitukana. Nililetewa kigoda, nikakaribishwa chai, nikaulizwa habari za watoto. Ni upole ule ulionitia hofu. Nilijaribu maduka mengine ya barabara ile nikakuta hali ni hiyo hiyo. Jumamosi, kwenye safu ya maoni ya wateja, niliandika: Hakuna.

Tukiwa njiani kurudi, Mzee Simbeye aliniuliza bila kugeuka, "Wewe kwenu Ujiji, jirani akikuletea sahani ya futari, sahani unairudishaje?"

"Na kitu ndani. Hata tende tatu."

"Haya." Akabadilisha gia.

Nilihisi masikio yanawaka moto. Si kwamba sikuijua desturi. Nimekua nayo. Mama yangu alikuwa akikosa kila kitu anatia chumvi kwenye sahani ya jirani ili isirudi tupu. Ila haikunijia hata kidogo kwamba desturi hiyo inahusu kampuni. Nilidhani kampuni si jirani wa mtu. Nilidhani ni nembo, na bohari, na Bwana Ngowi na kalamu zake za rangi mbili.

Safari iliyofuata niliingia dukani, sikukaa kwenye gunia. Nikasimama.

"Mama Tusekile, kile kikapu nilikosea."

Aliweka waya chini. "Sisi hatujui kama ni kukosea, baba. Jirani akila maharage yako akarudisha kikapu kitupu, ana neno moyoni. Tumekaa tunasubiri mtuambie tumewakosea nini. Mtu huwezi kuendelea kununua kwa aliyekununia."

"Lakini mama, kampuni iko Dar es Salaam. Haiwajui."

"Haitujui?" Hakupandisha sauti. "Tumeogea sabuni yenu. Nepi tumefulia hiyo. Wafu wetu tumewaosha kwa hiyo. Hela yetu imekaa kwenu miaka yote hii, na hela ya mtu haikai kwa asiye jirani."

 Nikauliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzo kabisa: walitaka kikapu kirudi na nini?

Aliyejibu hakuwa yeye. Tusekile alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, nilikuwa sijamwona. Alinyanyuka, na nikaona kwamba ni mjamzito tena, tumbo ndiyo kwanza linaanza kuonekana.

"Nyumba," alisema. "Pale zahanati. Ya mtu kuja kukaa siku zake zikikaribia, asisubiri uchungu umkute mlimani."

Jumamosi hiyo safu nyembamba haikunitosha. Niligeuza karatasi nikaandika upande wa nyuma mpaka chini, mambo ya kikapu, ya sahani za Ujiji, ya mtoto wa kwanza wa Tusekile aliyebaki njiani. Nikaituma kabla sijapata muda wa kuogopa. Siku chache baadaye Bwana Ngowi aliniita Mbeya. Fomu yangu ilikuwa mezani kwake, imelala kifudifudi.

"Shabani, una homa?"

"Hapana, bosi."

Aliisoma tena mbele yangu, polepole. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mama yangu angenichapa. Kwetu Rombo nako chombo hakirudi kitupu." Akaangalia nje. "Na yale maharage nilichukua vikombe viwili."

Alikuja Isongole mwenyewe, na viatu vyake vya ngozi kwenye lile tope. Nisiwadanganye kwamba aligeuka malaika. Makao makuu yalibishana naye, na alichowaonyesha si machozi ya mtu, ni mzigo uliokuwa unarudi kutoka barabara nzima ya Ileje. Lakini pia aliwasomea ile karatasi yangu. Vyote viwili vilihitajika. Mkipeleka huruma peke yake watawapa pole. Mkipeleka hasira peke yake watatafuta wateja wengine. Kampuni ikatoa mabati, saruji, mbao na rangi. Wanakijiji wakafyatua matofali na kuyachoma, akina mama wakabeba mchanga kutoka mtoni kwa ndoo, wakiimba, na mimi nikashusha mabati kwenye gari lililozoea sabuni.

Halafu Mama Tusekile akafanya jambo ambalo nyinyi kwenye barua yenu hamjalifikiria kabisa. Kabla nyumba haijafika hata kwenye linta, alikishusha kikapu msumarini, na sabuni ya ng'ambo akaisogeza pembeni. Ikawa mtu akija dukani anaambiwa chukua hii, hii imerudisha kikapu. Habari ikashuka mpaka Vwawa, ikafika Iyula, na yule mzee aliyeulizia msumari wa shule akanisimamisha barabarani kuniuliza kama hiyo ndiyo sabuni ya kikapu. Wakaanza kuiita hivyo, na sisi tukawa tunapeleka mzigo mara mbili. Sasa makao makuu ndiyo yakaandika barua yakiuliza kama kuna mahali pengine penye vikapu. Tajiri naye ni binadamu. Akitoa asipoona tofauti yoyote, mwakani mkono wake utakuwa mzito. Kwa hiyo anayetoa, mnunue kwake, na mmwambie waziwazi kwamba ndiyo sababu.

Ila kuna maradhi yanayofuata, na msije mkakosa kuyajua. Kampuni ikishaonja sifa, inataka sifa ije mbele ya kazi. Nyumba ilikwisha, imepakwa rangi, ina vyumba viwili na varanda. Makao makuu yakaleta kibao chenye jina la kampuni, kikubwa kuliko dirisha. Wakaagiza ifungwe kwa kufuli mpaka mgeni rasmi aje aifungue. Ufunguo nikapewa mimi, pamoja na barua inayosema asiingie mtu. Siku ikapangwa, mgeni akapata dharura. Ikapangwa nyingine, na dharura nyingine. Nikawa natembea na ule ufunguo kwenye kishubaka cha gari, juu ya karatasi za mzigo, na kila tukipita kwenye shimo unalia.

Siku ninayoiendea kila nikifumba macho ni ile ya mara ya tatu mgeni alipoahirisha. Ilikuwa alasiri, mvua nyembamba, ukungu mzito mpaka Mzee Simbeye akawasha taa. Tulikuwa tunapeleka mzigo Isongole. Tukaona watu pale zahanati, tukasimama. Varandani kwa ile nyumba mpya amekaa Tusekile, kanga imelowa, amejiegemeza kwenye mlango uliofungwa. Mama yake amesimama kando yake, mwavuli mkononi unachuruzika. Alikuwa ameteremka mlimani mapema, kama alivyoshauriwa, na amekaa kwa mama yake akisubiri, na sasa uchungu umeanza. Ndani ya zahanati kitanda kilikuwa kimoja, na kilikuwa na mgonjwa asiyeweza kuinuliwa. Nesi alikuwa anatoka na kuingia, anatazama kufuli, anatazama mvua.

Mama Tusekile hakunisihi. Aliniuliza tu, "Baba Shabani, ufunguo si unao?"

"Ninao, mama. Ila..."

 Mzee Simbeye alikuwa amezima injini, na nilisikia mvua tu juu ya mabati niliyoyashusha mwenyewe. Niliwaza kazi yangu. Niliwaza wanangu wanne na ada zao. Niliwaza ile barua, imeandikwa kwa mashine, ina sahihi mbili. Nitawaambia ukweli, niliogopa sana. Halafu nikamwona Tusekile amefumba macho, na nikajua yeye yuko wapi: yuko njiani kule juu, mwaka uliopita, na amerudi peke yake.

Nilifungua kishubaka. Miguu ilinibeba kama mtu anayetembea ndotoni. Kufuli lilikuwa jipya, limekaza, nikalizungusha mara mbili. Harufu iliyotoka ndani ni ya rangi na saruji ambayo haijakauka. Hakukuwa na kitanda, vitanda vilikuwa vinamsubiri mgeni rasmi. Mzee Simbeye, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, alikimbia. Tulimwaga miche ya sabuni garini, tukakunjua katoni, tukazitandika sakafuni tabaka juu ya tabaka, na juu yake akina mama wakatandika kanga kavu. Nesi akatutoa nje na kufunga mlango.

Tukakaa mimi na mzee kwenye ukingo wa varanda. Ukungu ulikuwa umeufuta mlima, umeifuta zahanati, gari lenyewe lilikuwa kivuli. Nakumbuka mikono yangu ilinuka sabuni. Nakumbuka nilianza kuota, na safari hii mzee hakunizuia. Niliota kwamba ile nyumba inaelea, na kwamba kama sitapumua kwa nguvu haitaanguka. Sijui tulikaa muda gani. Nilichosikia kwanza ni Mzee Simbeye akivuta pumzi, kisha sauti nyembamba, yenye hasira, ya mtu anayelalamikia baridi. Vigelegele vikaja baadaye. Mzee alivua kofia akajifuta uso, na akasema ni mvua.

Barua ya onyo niliipata, ninayo mpaka leo ndani ya Msahafu wangu. Mgeni rasmi naye mwishowe alikuja, akakata utepe kwenye nyumba ambayo ndani yake kulikuwa tayari na wazazi watatu na nepi zimeanikwa varandani, na akapiga makofi kuliko wote akidhani tumempangia. Bwana Ngowi alinitazama kwa jicho la pembeni, kisha akatazama zile nepi, akaniuliza kwa sauti ya chini zimefuliwa kwa sabuni gani. Kampuni ile ilishauzwa, jina limebadilika, kibao kimeliwa na kutu. Nyumba ipo.

Kwa hiyo barua yenu irudisheni kwenye mkoba kwanza. Muulizeni yule anayeshusha soda hapo dukani anaitwa nani, na fomu yake ina safu gani, na mhakikishe Jumamosi haandiki nilichokuwa naandika mimi. Kusanyeni vizibo vya mwaka mzima, viwe ushahidi wa mlichonunua, akina mama watie karanga au mchele, na kikapu kiwe kizuri, cha mtu kuona haya kukirudisha kitupu. Kikirudi kitupu msitukane, kitundikeni mahali kinapoonekana. Kikirudi na kitu, semeni na mnunue. Na siku ya kufuli, mjue mapema ufunguo anao nani, maana huyo naye ni mtu na ana wanawe.

Jumamosi ya wiki ile aliyojifungua Tusekile niliketi kama kawaida na kalamu yangu. Nilijaza majina ya maduka. Nilijaza mzigo ulioshuka, na kwenye mzigo uliorudi nikaeleza kwamba miche imerudi bila katoni. Nikafika kwenye ile safu nyembamba ya pembeni. Nje jua lilikuwa kali, lakini mimi nilikuwa bado nausikia ukungu shingoni. Niliandika: Wapo wawili, mtoto na mama yake. Mmoja amelala, mwingine anamtazama.